Uzi wa Subaru: Kilimia kwenye bampa, injini iliyolala, na mapenzi yanayoishia gereji

#1 — Mwana wa Kilimia (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nimepaki kwa muuza chipsi wangu, dogo mmoja akaja mbele ya gari, akachuchumaa, akaanza kuhesabu nyota za kwenye nembo kwa kidole. Sita. Akaniuliza, "Braza, hii ni nyota sita kama hoteli?" Nikamwambia hapana, hizo ni za mbinguni. Akaniangalia kama nimelewa. Chipsi zake zikaiva, akaondoka bila maelezo. Deni lake nalilipa hapa.

Subaru ni jina la Kijapani la kile kishada cha nyota ambacho sisi tunakiita Kilimia. Ndicho kile cha wahenga, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mkulima wa huku alikitazama ajue msimu unageuka lini. Wajapani nao walikihesabia nyota sita, na neno lenyewe limebeba maana ya vitu kukusanyika vikawa kimoja. Kwa hiyo ukiwa na Forester uani, una Kilimia uani. Mwenye Vitz atafute tafsiri yake.

Kwa nini sita, na kwa nini moja ni kubwa kuliko nyingine? Hapo inabidi turudi kwenye ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alianzisha karakana ya ndege huko Ota, mkoa wa Gunma. Karakana ikakua ikawa kati ya watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita Japani. Zile ndege za Zero za Mitsubishi mnazoziona kwenye filamu za vita, injini yake, iliyoitwa Sakae, ilitoka kwa Nakajima.

1945 Japani ikashindwa vita na ikapigwa marufuku kutengeneza ndege. Hebu pata picha: una wahandisi waliosomea kupunguza kila gramu ya uzito, waliozoea kwamba nati moja ikilegea mtu anadondoka kutoka angani, halafu unawaambia ndege basi, tafuteni kazi nyingine. Wakatengeneza skuta. Iliitwa Rabbit, ya mwaka 1946, na za majaribio zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege za mabomu yaliyobaki stoo. 1950 kampuni ikavunjwa vipande 12. 1953 vipande vitano vikaungana tena vikaunda Fuji Heavy Industries. Haya, hesabuni wenyewe: tano ndogo na moja mama. Bosi wake, Kenji Kita, alipotaka jina la gari yao ya kwanza aliwashirikisha wafanyakazi, mapendekezo hayakumridhisha, akatoa la kwake: Subaru. Gari hiyo, Subaru 1500 ya 1954, zilitengenezwa 20 tu na haikuwahi kuingia sokoni.

Nitaendelea. Naomba wenye haraka wasirukie kwenye bei.

#2 — Namba C

Nimevuta kiti mkuu. Ila mimi shida yangu siyo nyota. Nataka kujua kwa nini kila mwenye Subaru anaongea kama mtu aliyeokoka jana.

#3 — Fundi wa Mtaa

Kweli wameokoka. Na sadaka wanatoa kwangu kila mwezi.

#4 — Mwana wa Kilimia

Fundi, zamu yako inakuja, usinichomee uzi mapema.

Naendelea. Gari iliyowatoa ni Subaru 360 ya mwaka 1958. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka daraja la magari madogo, kei, ambapo injini haitakiwi kuzidi cc 360. Mhandisi Shinroku Momose, mtu wa ndege huyo, akapewa kazi ya kuingiza watu wazima wanne kwenye kitu hicho. Akafanya kama anavyojua. Hakuweka chasisi ya kubebea bodi, bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo kama kiwiliwili cha ndege, na paa akaliweka la plastiki ya nyuzi. Gari nzima kilo 385. Injini cc 356 nyuma, silinda mbili, inapozwa kwa upepo, nguvu farasi 16. Farasi 16! Kuna pampu za kumwagilia zina zaidi. Lakini ilipanda mlima Akagi, ambao ndio walikuwa wanaufanyia majaribio, na Wajapani wakaipenda wakaipa jina la mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa.

Halafu ikaenda Marekani, ikaaibika. 1968 jamaa anaitwa Malcolm Bricklin aliingiza hizi 360 kule kwa sababu zilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba sheria za usalama hazikuzihusu. Tangazo lao lilikiri kabisa kwamba ni ya bei rahisi na ni mbaya wa sura. Mwaka uliofuata jarida la watumiaji la Consumer Reports likaipa hukumu fupi: haikubaliki. Fikiria kuanza maisha ugenini na cheti hicho.

#5 — Mama Fielder

Mleta uzi unaandika vizuri, sikatai. Ila mimi Toyota Fielder yangu mwaka wa tisa huu, nabadilisha oili, naweka mafuta, naenda Dodoma narudi. Sijui plagi zangu ziko wapi wala sijawahi kutaka kujua. Kaka yangu ana Impreza, namba za mafundi kwenye simu yake ni nyingi kuliko za ndugu. Nipe sababu moja ya maana, achana na vita vya pili vya dunia.

#6 — Mwana wa Kilimia

Shikamoo dada. Sababu ninayo, ila naomba utumie mikono.

Kunja ngumi mbili, ziweke mbele ya kifua, vifundo vitazamane kama mabondia wanaosalimiana kabla ya pambano. Sasa zisogeze zote kuelekea katikati, halafu zote nje. Ndani, nje. Hizo ni pistoni za Subaru. Kwenye injini ya Fielder yako pistoni zimesimama mstari mmoja zinapanda na kushuka. Kwenye Subaru zimelala ubavuni, mbili kulia, mbili kushoto, na kila moja ina mwenzake upande wa pili anayekwenda kinyume chake kwa wakati uleule. Mtikisiko wa huyu unafutwa na wa yule. Ndiyo maana wanaiita boksa.

Na kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, karibu na barabara. Ukiingia kona kwa kasi gari haiinamii upande kama mtu mwenye mzigo kichwani. Walianza nayo kwenye Subaru 1000 ya 1966, kazi ya Momose huyohuyo, na hawajaiacha mpaka leo. Watengenezaji wengine wengi walishaona ni gharama: hedi (kile kichwa kinachofunika silinda) mbili badala ya moja, gasketi za kuziba hapo mbili, kila kitu mara mbili. Hawa wakang'ang'ana. Na ndicho ninachowapendea, dada: ni wabishi. Gari nyingi unaweza kuzibadilishia nembo usiku na asubuhi mwenyewe asijue. Hii, ukifungua boneti tu, ujinga wote na akili zote za waliotengeneza unaziona.

Halafu kwa taarifa ya watu wa Toyota: ile Toyota 86 iliyotoka 2012, injini yake ni boksa ya Subaru. Na Toyota wenyewe wana asilimia 20 ya kampuni. Kwa hiyo tunagombana ndani ya ukoo.

#7 — Fundi wa Mtaa

Sasa zamu yangu.

Maneno ya ngumi ni matamu. Njoo gereji uone ngumi zangu. Kubadilisha plagi kwenye Fielder, dakika kumi, na soda mkononi. Kwenye Forester plagi zinatazama ubavuni mwa gari, kati yake na chuma cha bodi pana nafasi ya kiganja. Natoa betri, natoa tanki la maji ya waipa, natoa boksi la filta ya hewa, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nafungua kwa kupapasa kama mkunga. Nina makovu kwenye mkono wa kulia ya Subaru tupu. Na kama sili za plagi zimechoka, unatoa plagi inaelea kwenye oili.

Yanayoua hizi gari ninazoletewa ni matatu. La kwanza, mkanda wa taiming, ule unaopatanisha pistoni na valvu, kwenye injini za EJ, ukoo mmoja wa boksa za Subaru. Kitabu kinasema kilomita 100,000. Mtu kanunua gari imetembea 98,000 huko Japani, anakaa nayo miaka minne hajaugusa, mpaka ukatike. Ukikatika pistoni na valvu zinakutana, na hapo tunaongea bei ya injini. La pili, gasketi za hedi, hasa kwenye injini za lita 2.5. Watu wanajaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti, gari inachemsha mara moja, wanapooza, wanaendelea na safari, mpaka gasketi inaungua na moshi wa silinda unapenya kwenye maji ya rejeta. La tatu ni oili. Boksa inavuja, na oili ikidondokea kwenye ekzosi unasikia harufu ukisimama foleni. Ukisikia hiyo harufu usifunge kioo. Njoo.

Lakini niseme ukweli wangu. Nikishushiwa boksa chini, ikikaa pale kwenye meza, ni kitu kizuri kukiangalia. Aliyeichora alikuwa na heshima na chuma.

#8 — Mama Fielder

Fundi umenimalizia kazi. Nashukuru.

#9 — Wa Naivasha

Majirani wa Tanzania, hamjambo? Naona mnaongea Subaru na hakuna aliyetaja Safari Rally, mashindano yetu ya magari hapa Kenya. Hiyo ni kama kuongea ugali bila kutaja unga.

Mapenzi ya Subaru huku kwetu hayakuanza na matangazo. Yalianza kando ya barabara ya vumbi, ukiwa mtoto, umesimama juu ya mawe na babako, unangoja helikopta, kwa sababu helikopta ikionekana gari iko karibu. 1993 Subaru walileta kitu kidogo kinaitwa Vivio. Injini cc 660! Tukacheka. Colin McRae, dereva wa Scotland, akapewa moja, na Patrick Njiru wetu akapewa nyingine. McRae hakumaliza. Njiru aliipeleka hiyo sanduku ya kiberiti hadi mwisho na akashinda daraja lake. Mwaka uliofuata akachukua Impreza akamaliza wa nne kwa jumla. Mwafrika mweusi, nyumbani, mbele ya majina makubwa kutoka Ulaya. Wewe unafikiri baada ya hapo mtoto wa Nyeri angetaka gari gani?

McRae alirudi akashinda Safari 1997 na Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda, Juha Kankkunen wa pili, Subaru zote mbili. Zile gari zilikuwa na bomba la kuvutia hewa limepanda mpaka kando ya kioo cha mbele, kama pua ya ndovu, ili zikivuka mto injini isimeze maji. Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 hapa kwetu Naivasha. Subaru kama kiwanda walishaondoka mwisho wa 2008. Lakini njoo wiki ya mashindano uangalie maegesho ya watazamaji. Utadhani kiwanda kiko huku.

#10 — Mwana wa Kilimia

Jirani, karibu sana. Hiyo ya helikopta imenigusa.

Niongezee kidogo tu. Ubingwa wa dunia wa watengenezaji Subaru waliuchukua mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Kwa madereva, McRae 1995, Burns 2001, Petter Solberg 2003. Kusherehekea ushindi walitoa Impreza moja ya milango miwili mwaka 1998, inaitwa 22B, 400 kwa soko la Japani, zikaisha ndani ya siku mbili. Kabla ya hapo, Januari 1989, walichukua Legacy mpya wakaizungusha kwenye uwanja wa majaribio Arizona, mchana na usiku kwa zaidi ya siku 18, mpaka ikatimiza kilomita 100,000. Wastani wa mwendo, pamoja na kusimama kujaza mafuta: kilomita 223 kwa saa. Huo ndio mwaka injini ya EJ ilipozaliwa. Fundi, wao waliifikisha 100,000 ndani ya wiki tatu, sisi tunaiua kwa miaka minne kwa maji ya bomba.

#11 — Kijana wa Tegeta

Wakubwa, ule mlio je? Ule wa "bu-bu-bu-bu" usiku wa manane. Jirani yangu anao, mama yangu anaulaani.

#12 — Fundi wa Mtaa

Huo mlio siyo wa injini, ni wa mabomba. Kwenye zile za zamani, bomba la ekzosi la upande mmoja ni refu kuliko la upande wa pili, kwa hiyo moshi wa silinda haufiki kwa mpangilio sawa, unafika kwa kusuasua. Kuanzia Legacy ya 2003 Wajapani wakaanza kusawazisha mabomba, mlio ukapotea. Cha kushangaza, nimewahi kuletewa gari yenye mabomba yaliyosawazishwa, mwenyewe anataka nimfungie yale ya zamani yasiyolingana. Analipa hela ili gari ipumue vibaya. Nikamfungia.

Jirani yako mwambie aondoke taratibu mpaka lami.

#13 — Mwana wa Kilimia

Dada Fielder aliomba sababu moja ya maana, nikampa ngumi. Ngoja nimpe ya matope.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, lilikuwa na shida. Mafundi wao wa laini walikuwa wanapanda milimani kwa jipu. Jipu linapanda, sawa, lakini ni baridi na linarusha mgongo. Wakawauliza Subaru wa Miyagi: hamwezi kutupa gari ya kawaida, yenye hita, inayovuta kwa magurudumu yote manne? Wakachukua gari yao ndogo ya mizigo, ff-1, wakaifungia difu ya nyuma ya Nissan Bluebird. Ikafanya kazi. 1972 wakaingiza sokoni Leone ya namna hiyo. Yaani hii sifa yote ya fowili ya Subaru ilianzia kwa mafundi umeme waliochoka kutetemeka.

Kwa kuwa injini imelala katikati na gia boksi imefuata nyuma yake kwenye mstari uleule, shafti za kulia na kushoto zinalingana. Nguvu inagawanyika sawa. Hii nimeisoma miaka, lakini niliielewa siku moja tu, naenda Mtae kutokea Lushoto, mvua za masika, udongo mwekundu umekuwa sabuni. Mbele yangu gari mbili zimekaa pembeni, watu wamekunja suruali wanasukuma. Forester yangu siyo ya turbo wala haina chochote cha ajabu. Nikaweka gia ya chini, nikashika usukani kwa vidole, nikasikia tairi zinatafuta: ya mbele kushoto inateleza, ya nyuma kulia inashika, inateleza, inashika. Kama mbuzi kwenye jiwe. Tukafika juu. Yule mzee niliyempa lifti akasema neno moja tu tangu tupande: "Hii inajua."

Na sasa aibu yangu, ili Fundi asinitangulie. Nilinunua tairi mbili za mtumba kwenye duka moja, nikafunga mbele, nyuma nikaacha zilizochakaa. Muuzaji aliniapia hakuna tatizo. Wiki ya pili, nikikata kona kali kuingia parking gari inajikaza, inaruka kidogo, kama kuna mtu anavuta breki ya mkono. Subaru inataka tairi zote nne zilingane, saizi na uchakavu. Zisipolingana, zile za mbele na za nyuma zinazunguka kwa mwendo tofauti siku nzima, na anayepatanisha ugomvi huo ni klachi iliyo ndani ya gia boksi. Nilimlipia mpatanishi huyo bei ambayo siwezi kuiandika hapa, mke wangu yumo humu.

#14 — Mama Fielder

Nimesoma ya Mtae mara mbili. Sibadilishi gari. Lakini nimeelewa kwa nini kaka yangu habadilishi.

#15 — Namba C

Mkuu mleta uzi, umeniponza. Nimepata Forester ya kizazi cha pili, SG5 ya 2005, namba D, mwenyewe anahama mkoa, bei nzuri kuliko kawaida. Nipo hapa kwake sasa hivi. Inawaka vizuri, bodi safi, ndani inanukia. Fundi, niangalie nini?

#16 — Fundi wa Mtaa

Bei nzuri kuliko kawaida ndiyo iliyonitisha. Tairi nne ni za aina moja?

#17 — Namba C

Zote moja, mpya.

#18 — Fundi wa Mtaa

Vizuri. Iache inaunguruma dakika ishirini, washa na AC. Mfuniko wa rejeta usiuguse, utaungua. Kando ya rejeta kuna kichupa cheupe cha akiba ya maji. Toa kifuniko chake, mulika na tochi ya simu, uniambie unaona nini.

#19 — Namba C

Maji yapo, rangi ya kahawia kidogo. Yanatoa mapovu.

#20 — Fundi wa Mtaa

Moja moja, au mfululizo?

#21 — Namba C

Mfululizo. Kama soda.

#22 — Fundi wa Mtaa

Mrudishie ufunguo.